Padri wa Mwalimu Machibya

Alfajiri lango la kiwanda cha minofu ya samaki pale Igogo lilifunguliwa nusu, vibarua wapite mmoja mmoja, msimamizi awachambue kama mchicha. Aliyeachwa nje alirudi nyumbani kuwasimulia watoto bei ya unga.

Kwenye foleni, Machibya alikuwa akiwaondolea wenzake usingizi kwa kisa cha Mjerumani mmoja wa zamani, mwenye ndevu za kufunika kifua. Somo la siasa lilipofutwa shuleni, mwalimu huyu alikosa kazi, akabaki na Mjerumani tu. Vingine vyote vilishauzwa. Mjerumani, alisema, alifukuzwa nchi hii na ile, akaweka koti rehani kwenye baridi kali, akazika watoto, na bado akaandika kwamba tajiri hunenepa kwa jasho la mfanyakazi.

Venant, msimamizi, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akamvuta kando.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Huyo mzee wako mwache huko huko kwao. Ukitaka lango hili likuone kila siku, hawa usiwafundishe kitu."

Machibya aliwakumbuka wajukuu. Akaahidi, akaingia.

Mezani, visu vikichana sangara, Bernadeta, aliyesimama karibu naye, akataka kisa kiendelee. Mwalimu akainamia samaki wake. Basi Bernadeta akakiendeleza mwenyewe. Wazungu wenye ndevu za namna ile aliowajua ni mapadri wa misheni ya Bukumbi tu, kwa hiyo Mjerumani akavalishwa kanzu, akapewa na rozari. Mwalimu akakohoa. Hakuweza kusahihisha. Kufika saa ya chai, ambayo haikuwa na chai, padri alikwishaamuru kwamba jua likizama visu viwekwe chini, hata tajiri aje na gari.

Sabina, kibarua mwenzao, akauliza kama hiyo ni amri kweli.

"Ya Kanisa," akasema Bernadeta, akapangusa kisu.

Jioni, jua likizama, lori jingine likamwaga sangara. Venant akatangaza wote wabaki, malipo yale yale. Visu vikashuka mezani kimoja kimoja. Wanawake wakaketi kwenye sakafu yenye maji. Wengine wakafanya ishara ya msalaba.

Venant akamgeukia Machibya, ambaye kisu chake kilikuwa bado mkononi.

"Mwalimu, hebu waambie hawa. Wewe wanakusikia."

Machibya akalitazama lango.

"Si uliniambia nisiwafundishe kitu?"

Akaweka kisu, akaketi, magoti yakilia. Venant akasema kesho ataonana nao langoni. Hakuna aliyeinuka. Sangara wa kupelekwa Ulaya walilala pale kwenye rundo, na barafu yao ikaanza kuyeyuka.