Mguu Niliofunga Mimi

Niliamshwa na kigae kikikwangua majivu jikoni. Kulikuwa bado giza, na Fabiola, jirani yangu wa zamani, alikwangua polepole asinisumbue. Tangu nirudi kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma, wiki tatu sasa, nalala kitandani kwake na yeye analala mkekani. Jioni ananipashia maji ya miguu.

Vita vilipotufukuza hapa Minago, yeye alibaki, nikamwachia mbuzi wangu sita. Kwetu, mnyama wa kuwekeshwa akifa, unampelekea mwenyewe ngozi, ajue hakuuzwa. Nilipouliza, Fabiola alisema, "Askari waliwabeba wote siku moja, yaya." Yaya ni dada mkubwa. Ndugu zangu wa damu wamekwisha, nami nilikuwa nimeamua kujenga karibu yake.

Asubuhi alikwenda ziwani kutafuta ndagala, dagaa wa kwetu. Nikaona nimsaidie, nichimbe shimo la mgomba kwenye jalala lake.

Zamani niliosha mifupa kwa Hubert, mwalimu aliyechimba majalala ya watu wa kale kule Kizuka, ajue walikula nini na walifuga vipi. Alinifundisha kwamba karamu ya siku moja huacha mifupa pamoja, lakini nyumba inayochinja mmoja mmoja huacha mifupa tabaka kwa tabaka, majivu katikati. Mfupa ambao ncha zake hazijashikana ni wa mnyama mchanga.

Jembe lilitoa mfupa wa mguu wenye nundu. Nikakaa chini. Mbuzi wangu Zawadi alivunjika akiwa mdogo, na mguu ule niliufunga mimi kwa vijiti.

Nikaendelea kwa kijiko. Chini ya Zawadi, majivu na miiba ya samaki. Halafu mbuzi mkubwa. Majivu. Halafu wana wawili wa mbuzi. Nilipofika chini kabisa, mataya yalikuwa ya mbuzi sita.

Fabiola alirudi akakuta nimeipanga mifupa kwenye ungo. Akatua kapu.

"Askari wako walikaa sana hapa," nikasema. "Wamekula mbuzi, wamepika ndagala, wamerudi kwa mbuzi."

"Walikuwa wakikataza watu kuvua, wakiruhusu, wakikataza tena. Watoto walilia njaa, yaya."

"Kwa hilo ningekuambia chinja. Ngozi moja tu ungeniwekea."

"Ngozi tulichemsha tukala."

Hilo mifupa haikuniambia. Nilimtazama mikono, imekonda.

"Wiki tatu nalala kitanda chako," nikasema. "Ungeniambia."

"Ungebaki?"

Nikafunga kitenge changu kwenda kwa binti yangu anayekaa Kabezi. Maji yote ya moto aliyonipa niliyakumbuka, na sikujua tena yalikuwa ya nini.

Alinisindikiza barabarani. Akanipa ndagala kwenye jani la mgomba, fungu kubwa kuliko alilobakiza.

"Zawadi nilimwacha mpaka mwisho," akasema. "Nilikuwa nakungoja."

"Najua. Alikuwa juu."

Basi dogo likasimama. Alishika ncha ya kitenge changu kama mtoto.

"Yaya, utakuja tena kuniona?"