Kiatu cha Kushoto Kinaendelea Kulika

Alhamisi asubuhi mhifadhi alivaa glavu zake za pamba, akafungua kabati la viatu na kuanza kupima visigino. Kazi hiyo aliifanya kila wiki kabla ya chai, kwa rula ya chuma na penseli, kwa sababu kalamu za wino haziruhusiwi kwenye chumba cha nyaraka. Viatu vilikuwa vya watu walioandamana kupinga vita. Siku ile askari walipowatawanya, watu walikimbia wakaacha viatu barabarani, kimoja kimoja, maana mtu anayekimbizwa ni nadra kupoteza vyote viwili. Mfagiaji wa barabara ile aliamriwa avichome. Badala yake alivitia kwenye magunia akavificha nyuma ya nyumba yake, mpaka mkewe akachoka kuishi na viatu visivyo na miguu. Mambo yalipopoa aliyaleta magunia kwenye jumba la nyaraka, akatia saini, akaomba magunia yake arudishiwe. Mungu amrehemu mzee yule. Bila yeye jumba lile lingebaki na hotuba za mawaziri tu.

Viatu havikuacha kulika. Vilikaa ndani ya masanduku, vimezungushiwa karatasi laini, na kila wiki soli zake zilipungua, kwa sababu wenyewe walikuwa bado wanatembea. Kandambili ya mwalimu mmoja mstaafu ililika mbele, kwani alizoea kuburuta miguu akienda kucheza drafti. Raba ya mwanamke mmoja ilipata matone ya kijani alipopata kazi ya kupaka rangi nyumba. Kiatu kikiacha kulika, ofisi ilipeleka rambirambi, na mara nyingi zilifika kabla ya jamaa wa mbali. Mwanzoni mhifadhi aliripoti jambo hili kuwa ni hitilafu ya kabati. Fundi akaja, akaligonga huku na huku, akasema kabati ni zima. Basi, likawa jambo la kawaida, na rula ikanunuliwa.

Baadaye kidogo alifika mama mmoja ambaye pale ofisini walimwita Mama Kushoto, kwa kuwa kiatu cha mwanawe kilikuwa cha kushoto. Alikuwa anakuja kila Alhamisi tangu kabati lifunguliwe kwa umma. Kijana wake alikuwa anajifunza useremala, na siku ya maandamano alibeba bango alilolitengeneza mwenyewe. Alikamatwa mbele za watu. Magereza walisema hawakumpokea, jeshi likasema halikumwona, na wizara ikasema huenda alivuka mpaka kutafuta maisha, si unajua vijana. Walimpiga danadana mama wa watu mpaka nywele zikageuka mvi. Kitu pekee kilichowahi kumjibu ni kiatu.

Mhifadhi alikitoa sandukuni akakiweka mezani juu ya kitambaa cheupe. Kilikuwa kiatu cha ngozi ya kahawia, cha kamba, ambacho mama alikinunua kikiwa kikubwa makusudi ili mtoto akue nacho.

"Kimelika?" aliuliza mama, kama alivyouliza kila wiki.

"Kimelika, mama."

"Mungu ashukuriwe."

Kilikuwa kinalika upande mmoja tu, wa nje. Mama ndiye aliyeeleza maana yake, miaka mingi nyuma. Mwanawe alikuwa na desturi ya kula kisigino kwa nyuma, kwa kuruka ngazi. Mtu anayekula kisigino pembeni ni mtu anayepiga hatua chache kisha anageuka, anapiga chache, anageuka tena. Chumba chake ni kidogo, alisema. Siku hiyo alilia mpaka mhifadhi akafunga dirisha la kupokelea wageni. Wiki iliyofuata alikuja amenawa uso, akashukuru kwamba mtoto ana afya ya kutembea.

Leo alikigeuza kiatu na kuipapasa soli kwa kidole. Pale pembeni soli ilikuwa imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Wote wawili walikuwa wanafikiria kitu kimoja. Mwezi uliopita kandambili ya mwalimu mstaafu ilitoboka sandukuni, na kesho yake mwalimu alikuja akichechemea, mguu umefungwa bendeji, ingawa alikuwa amevaa viatu vipya vya zawadi ya mkwe wake. Yeye angalau alikuwa na zahanati ya kukimbilia mtaani kwake.

"Mwanangu, hii haimalizi wiki," mama alisema.

"Naona, mama."

"Basi tukitie soli."

Mhifadhi alimfuata mkuu wa jumba ghorofani, kwa sababu kanuni ilikuwa wazi: nyaraka huzuiwa zisiharibike, hazitengenezwi zikawa mpya. Mkuu alikuwa mtu mwema. Zamani, watu wa usalama walipokuja kuyatafuta magunia yale, aliyafunika kwa ripoti za kilimo, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzifunua. Alishuka mwenyewe, akavuta kiti akakaa karibu na mama.

"Dada yangu, hii soli ndiyo shahidi wetu," alisema. "Siku mahakama ikiuliza huyu kijana yuko wapi, tutawaonyesha inavyolika. Tukiweka mpya, tumemfuta."

"Mahakama imeuliza?"

"Bado."

"Mguu wa mwanangu hauwezi kusubiri mahakama. Hii ya zamani iwekeni. Mimi naomba mpya tu."

Mkuu aliivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alikuwa na mabinti watatu. Alisema ni haki, na kwamba soli ya zamani itabanduliwa taratibu na kupewa sanduku na namba yake.

Wakamwita fundi viatu aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo ya barabara. Getini alizima sigara, ndani akanawishwa mikono na kuvalishwa glavu, akalalamika kwamba hajawahi kushona akiwa amevaa soksi za vidole. Alikitazama kiatu kwa heshima.

"Mwenyewe anakitumia sana?"

"Kutwa," mama alijibu.

"Basi hapa si mahali pa ngozi. Tunaweka raba ya tairi."

Alishona taratibu, mhifadhi amemshikia taa. Alipomaliza, mama alikichukua kiatu, akabonyeza ncha yake kwa kidole gumba, kama kina mama wanavyofanya dukani wanapomnunulia mtoto. Alikuta kidole cha mguu. Kilikuwa kimefika mwisho kabisa, kimejikunja kidogo.

"Amekua," alisema. "Kinambana."

Fundi alibonyeza naye, akakubali kwamba kinabana. Akaipaka ngozi mafuta, akaivuta mbele polepole mpaka mama alipobonyeza tena akakuta nafasi. Hapo ndipo alipokaa na kushukuru, kwa sauti, mmoja mmoja: fundi, mhifadhi, mkuu, na marehemu mfagiaji pamoja na mkewe aliyevumilia magunia. Mhifadhi aligeuka kupanga masanduku ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Alikuwa anaipenda kazi yake, na siku ile aliipenda zaidi.

Jioni mkuu aliipiga picha soli ya zamani na kuituma wizarani, pamoja na maelezo ya namna ilivyolika na ombi kwamba kijana atafutwe katika vyumba vidogo vyote vya serikali. Jibu lilifika haraka kuliko kawaida. Wizara ilisema mtu huyo hajawahi kushikiliwa, na ililishauri jumba la nyaraka likague unyevu wa makabati yake.

Alhamisi iliyofuata mhifadhi alimsomea mama jibu hilo, kisha akaweka kiatu mezani. Raba mpya ilikuwa na mikwaruzo upande wa nje.

"Anazunguka vilevile," mama alisema.

"Vilevile, mama."

"Lakini hachechemei."

Mhifadhi aliisogeza taa karibu. Mikwaruzo ilikuwa imelingana, ya mtu anayekanyaga bila kuuhurumia mguu. "Hapana," alisema. "Hachechemei."

"Mungu ashukuriwe."

Mama alipotoka alivuka barabara kwenda kwa fundi viatu, akamwambia kiatu kimemkaa vizuri mwenyewe. Fundi alifurahi, kwa kuwa wateja wengi hurudi kulalamika tu. Alimhakikishia kwamba tairi lile si mchezo, litamfaa miaka kumi mingine bila kuguswa, na mama akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru.