Kapu la Mama Mkwe

Karani wa takwimu alijua kuna kitu hakikai sawa hata kabla ya kumaliza kujumlisha. Kwa wiki mbili alikuwa akipita kila siku nyumbani kwa fundi cherehani kuandika kilichoingia, kilichotumika na kilichowekwa. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Mapato, elfu mia na themanini. Matumizi, elfu mia mbili ishirini na sita. Akiba, elfu ishirini.

"Dada, mmekopa popote?"

"Sijakopa hata sindano," fundi alijibu bila kuinua mguu kwenye cherehani.

"Basi elfu sitini na sita zimetoka wapi?"

Cherehani ikanyamaza. "Unaniita mwongo nyumbani kwangu?"

Karani akaona uso umewaka moto. Ilikuwa kazi yake ya kwanza, na msimamizi wake hakuwa mtu wa masihara. "Sivyo, dada. Nyumba yenu ilichaguliwa kwa kura, na inawakilisha nyumba mia mbili. Nikipeleka hivi, ofisini watasema mtaa mzima unakula kuliko unavyopata. Watadhani watu wako hoi."

"Hoi? Sisi?" Fundi akacheka bila kupenda. "Wiki hii tumekula nyama mara tatu!"

"Uliinunua kwa shilingi ngapi?"

"Muulize Mama. Mimi humpa elfu nane ya sokoni, anarudi kapu limejaa. Anajua kupunguziwa bei, acha kabisa!"

Karani akafungua kurasa za nyuma. Kapu la Jumanne pekee, kwa bei za sokoni alizozifahamu, alikuwa ameliandika elfu kumi na tano. Hakuna muuza nyama mwenye huruma kiasi hicho.

Wote wawili wakageuka. Mama mkwe alikuwa kizingitini, kashika mto wenye viraka vya rangi saba, midomo ikimcheza.

"Bibi," karani alisema taratibu, "kuna pesa unayoingiza?"

"Wiki mbili umenisalimia shikamoo, ukaniuliza umri, basi. Leo ndiyo umeuliza cha maana, mjukuu wangu." Akaketi. Vipande vya vitambaa ambavyo mkwewe alikuwa akivitupa alivishona kwa mkono chumbani, akauza mito kwa wanaosubiri kwenye viti vya mbao pale kituo cha afya. Mito kumi na saba, elfu nne kila mmoja.

Karani akapiga hesabu. "Sitini na nane. Imezidi mbili."

"Hizo nimenunulia pipi. Nazo unaandika?"

"Naandika, Bibi."

Fundi alikuwa ameshika kiuno. "Mama! Mimi nawasifia wauzaji wa sokoni, kumbe ni wewe? Kwa nini hukusema?"

"Ungesema nipumzike."

Ni kweli fundi angesema hivyo. Akainama akakusanya vipande vilivyotapakaa chini ya cherehani, akampa vyote kwa mikono miwili.

Karani hakwenda ofisini siku hiyo. Alirudi kwenye nyumba nyingine kumi na moja alizopangiwa na kuzungumza na kila mtu, hata waliokaa kimya pembeni. Katika nne alikuta kipato ambacho hakuna aliyekuwa amekitaja: mayai, ususi, masomo ya jioni, kufua. Msimamizi alisoma jedwali jipya mara mbili, kisha akawaagiza makarani wote warudi mitaani.