Betri ya Marehemu

Wifi mtu aliuchomoa waya kwa mkono wake mwenyewe, mchana kweupe, huku akichokonoa meno kwa kijiti. Waya ule ulitoka kwenye betri zake za sola za ndani, ukatokea dirishani, ukapita juu ya kamba ya nguo, ukaingia kwenye karavani alimokuwa akiishi mjane wa kaka yake. Karavani lenyewe ni nyumba ya bati yenye magurudumu. Marehemu alilinunua likiwa kuukuu, akalipaka rangi, akaliegesha uani kwa dada yake kwa muda tu, na mauti yakamkuta kabla muda haujaisha.

"Umeme wangu si sadaka," wifi alisema. "Na hili ni la kaka yangu. Hukumzalia hata mmoja, sasa unang'ang'ania nini?"

Ukaitwa ukoo, maana yake aliitwa baba mkubwa, mtu mvivu apendaye kesi fupi. Alikata shauri kabla hajakaa: mjane akiweza kuendesha vyombo vyake bila waya wa mtu, karavani ni lake. Akishindwa, liuzwe. Angekuja kuangalia Jumamosi mchana, na kabla ya hapo asisumbuliwe.

Mjane alikuwa akiuza juisi. Bila friji na blenda hana kazi, na bila karavani hana pa kulala. Akauza cherehani yake. Akanunua betri mpya, paneli ya sola ya kuweka juu ya paa, na inveta, kile kisanduku kinachoufanya umeme wa betri uweze kuendesha friji. Kisha akamwita fundi.

Fundi alifunga kila kitu vizuri, taa zikawaka, feni ikazunguka. Alipoanza kukusanya vyombo vyake, mjane akamburutia betri nyingine kutoka chini ya benchi. Ilikuwa ya lori la marehemu. Vichwa vyake vilikuwa vimeota unga mweupe, na ubavuni marehemu alikuwa ameandika kwa rangi YANGU, ili madereva wenzake wasijitie kusahau.

"Na hii iunge."

"Dada, hii imekufa. Nikiiunga na mpya itainyonya, zote zilale."

"Wewe iunge."

"Nakwambia kama fundi."

"Na mimi nakwambia kama mjane. Iunge!"

Fundi akaiunga pembeni ya ile mpya, kwa waya mwekundu na mweusi. Akamwambia mjane akiona mambo yanaharibika afungue nyaya hizo mbili tu, akaenda zake. Ukipenda, chongo huita kengeza. Huyu alipenda betri mbovu, akaiona kama mume aliyerudi kusaidia nyumbani. Usiku alilala mkono wake ukiwa juu yake, na wala hakuona haya.

Jumamosi inveta ilianza kulia. Pi, pi, pi, kisha kimya, kisha pi tena. Friji iliguruma kidogo ikakata. Feni ilijikokota tu. Mjane aligusa chupa za juisi, akazikuta zinapata joto. Mkono wake ulifika kwenye waya mwekundu. Haukufungua. Kumtoa mumewe kwa mkono wake mwenyewe? Hakuweza, na baba mkubwa alikuwa ameshaingia, anajipepea kwa kofia.

Nyuma yake wifi, ameshika spana, meno yote nje.

"Mwenyewe unaona, baba mkubwa. Kelele tupu. Basi kabla halijauzwa nachukua mali ya kaka yangu." Akaielekea betri kuukuu.

"Wifi, nakuomba. Chukua friji, chukua hata kitanda. Hiyo niachie."

Lo, kosa gani hilo! Ungemwambia wifi yule kwamba jiwe lile linakuuma likiondoka, angelibeba kichwani mpaka mjini. Alimsukuma mjane kwa kiwiko, akafungua waya wa kwanza, cheche zikaruka, akafungua wa pili, akaikumbatia betri kifuani.

Inveta ikanyamaza. Friji ikashika, ikaguruma sawasawa. Feni ikapata nguvu, ikampulizia baba mkubwa usoni.

"Kumbe linafanya kazi," alisema, amefumba macho kwa raha. "Kesi imekwisha. Juisi baridi ipo?"

Wifi aliupandisha mzigo wake kifuani. Mtu wa namna ile hakosi neno.

"Umeona? Betri ya kaka yangu ilikukataa wewe! Ilikuwa inagoma. Inajua ndugu zake. Naenda kuiunga na zangu za ndani, uone itakavyowaka kwa damu yake."

Mjane alitazama pale ilipokuwa betri, pamebaki alama ya kutu sakafuni. Ilimuuma kama kuzika mara ya pili. Maneno ya fundi yalimjia mdomoni yote, tangu la kwanza hadi la mwisho, na angeweza kuyasema kwa pumzi moja.

Akafungua mlango, akausogeza wote ukutani.

"Pita, wifi," alisema. "Angalia ngazi."