Moto Uliofukiwa

Kila Jumapili asubuhi mlinzi wa msitu alibeba ndoo mbili za maji na koleo, akaenda kuzima mioto ya wasaka hazina. Hawa walikuwa watu wa mjini waliokuja Jumamosi kutafuta visanduku vya bati vilivyofichwa msituni, kwa kujifurahisha tu. Langoni walijengewa jiko moja la mawe, la kuwatosha wote, lakini kila kundi liliwasha moto wake pale lilipochokea, na wakati wa kuondoka likaufukia kwa udongo. Kufukia moto si kuuzima. Makaa hutambaa na mizizi chini kwa chini, yakaibukia mbali. Miaka mitatu nyuma yaliibukia chini ya nyumba ya mlinzi, mkewe akiwa amelala na homa.

Tangu hapo mkewe alikaa kwenye mioto iliyofukiwa. Jumapili hii, kwenye moto wa kwanza, mlinzi alimkuta amejifunika shuka lile lile la siku ya homa, ananyoosha mikono juu ya udongo wenye joto.

“Umekula?” mke aliuliza.

“Nimekunywa chai.”

“Chai nayo ni chakula?”

Walizungumza kidogo habari za binti yao, aliyejenga nyuma ya msitu. Kisha mlinzi akamwaga maji, akakoroga tope kwa koleo, akaligusa kwa mgongo wa kiganja. Lilipopoa, mke hakuwapo. Akaenda kwenye moto wa pili, akamkuta, wakaanza upya na salamu. Kufika saa nne alikuwa amefiwa mara sita.

Kwenye moto wa saba, ambao ndio wa mwisho, alimkuta pia kiongozi wa wasaka hazina, aliyerudia kisanduku kimoja kilichowashinda jana.

“Shikamoo mama. Samahani, sogea kidogo,” kiongozi alimwambia mke wa mlinzi, akachungulia chini ya jiwe.

“Marahaba. Mwanangu, moto humwagiwa maji.”

“Tumeufukia vizuri, mama. Wala usiwe na wasiwasi.”

Akakipata kisanduku chake, akajipiga picha nacho, akaenda zake. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini la huyu lilikuwa zima kabisa; waliokufa walikuwa wengine.

Mlinzi alishika ndoo asiimwage. Alikuwa amechoka kumpoteza mkewe.

“Huu tuuache,” alisema. “Mpaka kesho tu.”

Mke alipapasa udongo, akaufuata mzizi kwa vidole mpaka ulipozama.

“Unaelekea kwa mtoto,” alisema. “Mwaga, baba.”

Akamwaga polepole, kadiri maji yalivyokubali, huku analia.

Jumamosi iliyofuata moshi ulipanda sehemu tisa. Mlinzi aliuhesabu kwa kidole, na kabla ya kukasirika alifurahi. Aliona haya sana.