Mashati ya Mhasibu

Mdogo wangu wa kike tunamwita Kipasi, maana kwa kunyoosha nguo hana mpinzani. Tunafanya udobi wawili, chumba kimoja cha barabarani: yeye pasi, mimi kufua na kugombana na wateja. Kugombana naweza, asikudanganye mtu.

Kipasi ana ugonjwa wa akili. Kuna miezi anashuka, hata kuoga anaona kazi. Kuna miezi anapanda, usingizi haujui, mdomo haupumziki. Dawa ndizo zinamweka sawa. Safari hii akaziacha kimyakimya, akapanda, na huko juu akamkuta mhasibu.

Mhasibu alikuwa mteja tu, mtu na mke wake na watoto wake, mpole. Ila alikuwa na kituko kimoja: shati chafu alilifunga vifungo vyote kwanza, ndipo alilete. Wengine wanatutupia nguo kama matambara. Basi Kipasi akaninong'oneza, "Dada, umeona? Anajifunga kwa ajili yangu, mwingine asimguse."

"Wazimu huo," nikamwambia.

Nikamfuata mhasibu, nikamwomba alete mashati wazi. Maskini, akakubali. Kipasi akalikumbatia shati, analia kwa furaha. "Amefungua, dada! Uvumilivu umemshinda!"

Jamani, ungefanya nini hapo? Nikaona bora amsikie mwenyewe. Nikamleta mhasibu mpaka mbele ya meza ya pasi, jasho linamtiririka, akasema, "Dada, samahani, mimi sikupendi. Sijawahi kukupenda. Nina mke wangu." Akatoka mbio. Kipasi akanigeukia, macho yanang'aa.

"Umesikia sauti inavyotetemeka? Anamwogopa mkewe."

Jumapili akazipiga pasi nguo zake zote, akazikunja, akaenda kuhamia kwa mhasibu. Mke mtu alimpokea kwa mwiko. Nilimkuta amekaa chini nje ya geti, jicho limevimba, majirani wanamcheka, naye anamsubiri mume atoke. Nikambeba mgongoni, huku nikiwatukana wote, hadi wasiohusika.

Hospitali, daktari akaniambia mapenzi yale ni ugonjwa, si tabia mbaya. Asipomeza dawa, atarudi kwenye lile geti, na safari ijayo huenda wakamuua. Hilo likaniingia. Tangu hapo kila asubuhi nikawa namsimamia mpaka ameze.

Zikafanya kazi. Akalala, akala, akarudi kwenye pasi yake. Daktari akanipongeza, nami nikavimba kichwa, mjinga mimi.

Asubuhi moja, kidonge kiko mkononi, akaniuliza, "Dada, yule bwana hakunipenda, eti?"

"Hakukupenda."

"Hata kidogo?"

"Hata chembe. Mshukuru Mungu umepona."

Kisha akasema, "Nilikuwa naamka nina mtu. Sasa naamka mzima. Mzima wa nini?"

"Na mimi je? Mimi si nipo?" Nilipiga kelele, lakini ilikuwa hasira ya kutaka kulia.

"Wewe tumezaliwa tumbo moja. Ungeniacha uende wapi?" Hakusema kwa ubaya, na ndicho kilichoniuma. Akakitazama kile kidonge. "Nikiacha kumeza, atarudi?"

Jibu nilikuwa nalo. Atarudi, tena mbio, na mapenzi yake yote.

"Meza," nikamwambia.

Akameza. Tangu siku ile haniiti dada.