Wanu Kaingia Mwaka na Kinyongo

Wanu hakuchukia kupika. Binti wa Makunduchi aliyefika kidato cha tatu bila kujua kuunga mchuzi wa pweza hajazaliwa bado. Alikuwa anajua, tena vizuri, na ndiyo maana hakuona sababu ya kumwacha mama yake kijijini, kupanda gari ya shamba na kwenda kubanana na watoto wa shangazi yake kule Malindi mjini, ili Bi Kidawa, mwalimu wa upishi, amfundishe kuosha mchele.

Lakini ndivyo ilivyopangwa. Ulikuwa mwaka wa sitini na tisa. Walimu wengi wa sayansi walishafunga virago baada ya Mapinduzi, na skuli yao ya mjini ilibakiwa na mwalimu mmoja tu wa fizikia, kijana mwembamba aitwaye Borafya, na maabara yenye viti vichache vilivyokwisha kuchoka. Kidato cha tatu wote walisoma Kiswahili, Kiingereza, hesabu, historia, jiografia na siasa. Baada ya hapo njia ziligawanyika. Baadhi ya wavulana walikwenda fizikia na kemia, waliobaki wakaenda kilimo, na wasichana, werevu kwa wazito, wakatiwa wote kapu moja: upishi na ushoni. Wanu aliyewaacha wavulana mbali katika hesabu naye akatumbukizwa humo.

Aliyemtumbukiza ni ami yake, Mwalimu Simai, mdogo wa marehemu baba yake na naibu wa mwalimu mkuu. Yeye ndiye aliyepanga nani asome nini.

Wanu alimfuata ofisini siku ile ile. Skulini hakumwita ami.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Viti vya maabara havitoshi."

"Wavulana nliowapita wamepata viti."

Simai akainuka, akafunga mlango, na sauti yake ikashuka. "Sikiliza, Wanu. Kichwa chako nnakijua, ni kichwa cha baba yako. Lakini nikimweka msichana mmoja tu, na msichana mwenyewe mwana wa kaka yangu, watu watasema nini? Watasema Simai anapendelea damu yake. Siku hizi neno dogo kama hilo linamtoa mtu kazini, na pengine haliishii kazini. Stahamili, mwanangu."

"Kwa hivyo mie nikae jikoni ili wewe upate usingizi?"

"Toka nje," akasema Simai, "kabla sijasahau kuwa mimi ni ami yako."

Akatoka. Angekuwa ami katili angemchukia na yakaisha. Huyu alikuwa mtu mwema, aliyemlipia sare na kumnunulia viatu, na woga wa mtu mwema ni mgumu kuuchukia kwa moyo mmoja. Wanu alijaribu, na kwa wiki kadhaa alifanikiwa.

Haukupita muda, skuli zikafungwa, Wanu akarudi kijijini, na Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi, ukafika. Asiyekuwa mtu wa Makunduchi huenda akaona siku ile kuwa ni wazimu mtupu: wanaume wazima, wengine wenye wajukuu, wanapigana kwa mabua ya migomba uwanjani, na wanawake waliovaa kanga mpya wanapita safu kwa safu wakiimba matusi ya wazi wazi. Lakini wenyewe wanajua wanachokifanya. Dukuduku lote la mwaka mzima linatolewa siku hiyo. Unamwambia mtu lililo moyoni, awe mkweo, awe sheha wa kijiji, na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Kibanda cha makuti kinachojengwa kwa siku hiyo kikishachomwa, mambo yamekwisha. Watu wanakula pamoja, na mwaka mpya unaingiwa na moyo mweupe. Anayeingia mwaka na kinyongo anajitakia mikosi, na si yeye peke yake, bali na nyumba yake nzima.

Mama yake, Bi Mwatum, alikuwa hodari wa nyimbo hizo. Kumbe alishamtungia shemeji yake wimbo tangu aliposikia habari ya upishi, na asubuhi ile, huku wakijifunga kanga, akamfundisha Wanu:

*Mwalimu wetu mwoga, kivuli chamkimbiza,*
*mwana kamtia jikoni, hofu yake aipike.*

"Wewe ndiye utakayeuanzisha," mama akasema, akicheka. "Sie tutakupokea. Mwambie mpaka masikio yamwashe. Leo ndiyo siku yako."

Wanu naye akacheka. Wimbo ulikuwa mtamu, na kila neno lilikuwa kweli.

Uwanjani vumbi lilikuwa limetanda. Mwalimu Simai alikuwa ametoka kwenye mapigano, shati limechanika begani, bua la mgomba bado liko mkononi. Alipoiona safu ya kina Wanu akaja mwenyewe, akasimama mbele yao na kutanua mikono. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la mtu aliyeingoja siku hiyo kwa hamu.

"Haya, Wanu! Mie hapa. Nitukane, mwanangu, tumalize."

Wanawake wakanyamaza kumpisha. Wanu akafungua kinywa. Akamwangalia ami yake, akaona namna alivyokuwa tayari kutukanwa, tayari kabisa, kama mtu aliyekaa kwa kinyozi. Hapo ndipo alipoelewa. Akiimba, ami atacheka, watu watapiga vigelegele, kibanda kitachomwa, watakula wali sinia moja, na skuli zikifunguliwa yeye atashika mwiko bila ya kuwa na neno tena la kusema. Atakuwa amekwisha kulisema. Atakuwa ameliuza kwa wimbo.

Akafunga kinywa.

"Imba, mwana!" mama akamsukuma.

"Siimbi."

"Unasemaje?"

"Sina cha kumwambia leo."

Tabasamu la Simai likapotea. "Wanu, usifanye mzaha. Utaingia mwaka na kinyongo?"

"Naam, ami," akasema Wanu. "Nnaingia nacho."

Kizee mmoja akasema astaghfirullah. Bi Mwatum akamshika mwanawe mkono akamtoa safuni kwa nguvu, na huko nyuma ya nyumba akamwambia maneno ambayo hayakuwa na kiitikio. Mchana sinia la wali lilipotengwa kwa Simai, Wanu hakula. Alikaa barazani na njaa yake, harufu ya mchuzi inamjia, machozi yanamtoka, na hakuinuka. Simai naye, walisema waliokuwa ndani, aligusa matonge mawili akaosha mkono.

Skuli zilipofunguliwa, kipindi cha fizikia na kipindi cha upishi viliangukia wakati mmoja. Wasichana walielekea kwa Bi Kidawa. Wanu alikwenda nao mpaka mlangoni, akaingia, akaokota mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa kando ya jiko, akaitia kwapani na kutoka. Alikata uwanja wa skuli hivyo hivyo, mbele ya madirisha yote, mpaka maabara. Akaikunjua mbuzi yake kwenye nafasi baina ya madawati, meno ya chuma yakiwaelekea wavulana, akaikalia na kufungua daftari.

Wavulana wakaangua kicheko. Mmoja wao, Jecha, akauliza kama leo watakuna nazi au watasoma nguvu na mwendo.

"Wewe utakuna," Wanu akamjibu. "Mie ntasoma."

Mwalimu Borafya alisimama na chaki yake hewani. "Wanu, wewe si wa darasa hili."

"Nliambiwa viti havitoshi, Mwalimu. Nimekuja na changu."

Borafya hakuwa mtu wa kugombana. Alimtuma Jecha amwite naibu. Simai akaja na fimbo, kwa mwendo wa haraka, na alipoona ni nani, na amekalia nini, uso wake ukabadilika. Akainama karibu naye, akanong'ona:

"Haya si tungeyamaliza Makunduchi?"

Wanu akasimama. Hakunong'ona. "Makunduchi ungecheka, Mwalimu, na mie ningerudi jikoni. Sikutaka uchekeshwe. Nlitaka nikwambie siku ambayo una haki ya kukasirika. Umenidhulumu. Mie wa kwanza katika hesabu, na umenitoa kwa sababu unaogopa maneno ya watu."

Nje, wasichana wa upishi walikuwa wamejaa madirishani, na Bi Kidawa nyuma yao akiulizia mbuzi yake.

"Watasema nimekupendelea," Simai akasema. Lilimtoka kwa sauti, mbele ya wote, na pengine hakukusudia.

"Basi nichape." Wanu akanyoosha mkono, kiganja juu. "Nimechukua kitu cha skuli bila ruhusa, nimeingia darasa lisilo langu, na nimemjibu mwalimu. Nichape hapa hapa wakiona. Atakayesema nimependelewa mwambie aje aonyeshwe kiganja changu. Lakini nikishachapwa, nnakaa."

Simai angeweza kumtoa nje, na hakuna mzee kisiwani ambaye angemlaumu. Akainua fimbo. Akachapa, akachapa tena, na hakupunguza mkono, maana wavulana wote walikuwa wanamtazama na wote wangejua. Wanu aliuma mdomo mpaka damu, wala hakuuvuta mkono. Ilipokwisha, ami mtu alikuwa anahema kuliko yeye.

Wanu akarudi kukaa kwenye mbuzi. Kiganja kilikuwa kimevimba, kalamu haishikiki, kwa hiyo akaishika kwa mkono wa kushoto.

"Endelea na somo, Mwalimu Borafya," akasema Simai. Akaenda mpaka mlangoni, akasimama hapo, na safari hii aliongea kama ami, hakujali nani anasikia. "Wanu. Sasa yamekwisha?"

Ubaoni Borafya alikuwa ameanza kuandika. Wanu hakutaka kupitwa na mstari, akajibu bila kugeuka.

"Bado, ami. Yatakwisha siku ntakayopewa kiti."